Rangi Kabla ya Mkaguzi

Ni Jumatano asubuhi na rangi ya bluu kwenye boti bado mbichi. Mwanamume aliyeipaka anajifuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, anamwonya mkewe asiiguse. Kisha yeye mwenyewe ananyoosha mkono na kubonyeza kidole gumba kwenye omo, sehemu ya mbele kabisa ya boti, aone kama imeanza kushika.

"Na wewe nani kakuruhusu?" mkewe anauliza.

"Mimi ndiye fundi."

Anavaa shati, anakwenda zake kwa miguu hadi duka la vifaa vya ujenzi kununua brashi nyembamba. Amesimama mbele ya kaunta akisubiri chenji anapoanguka. Daktari atasema ni moyo.

"Nilipoitwa nilidhani kanunua vitu vingi, anataka nikamsaidie kubeba," anasema mkewe.

Abiria wa kivukoni wanamwita Mama Kamba. Jina hilo alilipata kazini. Kwa miaka kumi na moja mumewe aliendesha boti za watu, naye akawa kondakta wake: kukusanya nauli, kupanga abiria boti isiegemee upande mmoja, na kurusha kamba wakifika gatini. Ni nadra kuikosa nguzo. "Nikikutana na abiria sokoni wananiuliza leo kamba nimeiacha wapi," anasema. Mwaka jana alipata leseni ya unahodha. Mumewe akamtania kuwa sasa nyumba ina manahodha wawili na boti hakuna.

Boti waliipata kwa mzee mmoja ambaye magoti yalikuwa yamemchosha. Ni ya mbao, ya abiria ishirini na wawili. Hati ya mauziano iliandikwa majina mawili, la mume na la mke.

"Nilimwambia, langu la nini, mimi si nashika kamba tu? Akasema, 'Andika, ili siku nikikuudhi uwe na haki ya kunishusha.'"

Mumewe alipofariki, jina hilo la pili lilimpunguzia safari za mahakamani, na ndugu wa mume hawakuweka pingamizi. Kilichobaki kilikuwa usajili. Mpaka cheti kitoke kwa jina la mmiliki mpya, boti hairuhusiwi kubeba hata abiria mmoja. Muuzaji anatakiwa kuwepo siku ya ukaguzi, athibitishe kwamba chombo alichouza ndicho hiki. Cheti cha zamani nacho lazima kilingane na vipimo vya boti, na namba ya injini, na namba iliyochongwa ubaoni pale mbele.

Hiyo ya ubaoni ndiyo ilileta kazi. Ni kosa ambalo karibu kila anayenunua boti kwa mara ya kwanza hulifanya. Akishalipa tu, hawezi kulala. Anataka watu wa gatini waone boti ina mwenyewe mpya. Anajaza matundu, anapiga msasa, anapaka rangi nzito, na namba inafukiwa kabla mkaguzi hajaiona.

Mkaguzi wa vyombo, mwanamke ambaye kwa umri angeweza kuwa binti wa Mama Kamba, alifika na futi yake ya utepe. Alipima urefu, akapima upana, akachungulia injini, kila kitu sawa. Akapitisha mkono mbele, akarudia tena.

"Mama, namba iko wapi?"

"Iko hapo hapo, chini ya rangi."

"Nani kapaka kabla sijaja?"

"Baba watoto."

"Muiteni basi, atuonyeshe."

Mzee muuzaji akakohoa. Mama Kamba akasema kwamba hayupo tena, na mkaguzi akampa pole. Halafu akaonyesha kwa kiganja. "Si kazi kubwa. Kwangua hapa tu, kama futi moja. Nikiiona, leo leo nasaini."

Pale alipoweka kiganja ndipo ilipokuwa alama ya kidole gumba, imekauka ndani ya rangi.

"Leo sina msasa," Mama Kamba alijibu.

Msasa ulikuwa kwenye ndoo, hatua chache kutoka miguuni pake.

Wiki zilipita. Aliifunika boti kwa turubai, akarudi kuwa kondakta kwenye boti ya mtu mwingine, akilipwa kwa siku. Walioulizia aliwajibu kwamba ofisi bado haijamwita, na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa kila mtu ana lake la kulalamikia ofisi ile. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuja kumshauri auze.

"Shemeji, boti isiyo na namba ni karai kubwa tu."

"Basi niache nifulie."

"Watoto wale nguo?"

Watoto ni watatu. Wa kwanza alikuwa ameshaambiwa asubiri kidogo kurudi chuoni, na hicho kidogo kilikuwa kimeanza kuwa kirefu.

Mwishowe aliyemfungua macho ni mzee muuzaji. Binti yake, anayeishi mbali, alikuwa amemtumia nauli ili akakae naye. Alimkuta Mama Kamba akikunja kamba gatini, akajishusha taratibu juu ya dumu lililopinduliwa.

"Mwanangu, Jumamosi nasafiri. Nikishaondoka sirudi kwa ajili ya boti. Magoti haya hayawezi safari mbili."

"Ofisi bado, baba."

"Ofisi inakusubiri wewe. Ule msasa niliuona."

Mama Kamba aliendelea kukunja kamba. Mzee akangoja imalizike.

"Akija mkaguzi mimi sipo, cheti kinabaki kwa jina langu," akasema. "Nikifa, wanangu watakuja kuidai. Nawajua, niliwazaa mwenyewe. Utawaonyesha rangi?"

Kesho yake asubuhi Mama Kamba alifungua turubai. Hakutumia tupa wala kisu, alitumia msasa wa maji, ule laini, akaanzia pembeni kwenda katikati. Bluu ilitoka kama uji, ikamjaa viganjani. Chini yake kulikuwa na kijani cha mzee, na chini ya kijani, ubao. Kila baada ya muda alisimama kumwagia maji. Mzee alikaa amegeukia ziwani.

"Sikulia," anasema Mama Kamba. "Nilifikiri nitalia. Mkono ulikuwa unauma tu."

Mkaguzi, aliyepigiwa simu asubuhi hiyo, alifika kabla ya mchana. Alisoma namba kwa sauti, herufi kwa herufi, huku mzee akiifuatilia kwenye cheti chake cha zamani. Wakasaini wote watatu juu ya kifuniko cha injini. Mzee alisafiri Jumamosi kama alivyosema, na wiki iliyofuata cheti kipya kikatoka kwa jina la Mama Kamba.

Sasa yeye ndiye nahodha. Kamba inarushwa na binti wa dada yake, ambaye bado anakosa nguzo, na abiria wanamzomea kwa upendo. Mtoto wa kwanza amerudi chuoni. Mama Kamba anataka mwakani aongeze makoti ya kujiokolea ya watoto wadogo, maana yaliyopo yanawapwaya, na siku moja apate injini isiyopiga kelele.

Anayenunua boti pale gatini siku hizi hutumwa kwake kwanza. Maelezo yake ni mafupi. Nenda ofisini na aliyekuuzia, mkiwa pamoja. Hakikisha ana cheti chake mkononi kabla hujampa malipo ya mwisho. Usibadilishe injini. Rangi baadaye.

"Kuna kijana juzi kanicheka, akaniuliza, 'Mama, rangi nayo ina kosa gani?' Nikamwambia haina kosa, ngoja tu mkaguzi aondoke."

Ile futi moja aliyoikwangua aliipaka mwenyewe, kwa rangi iliyobaki kwenye kopo lile lile, akaiacha namba wazi. Kwingine kote bado ni kazi ya mumewe. Kanuni za kivuko zinataka kila boti ya abiria ipandishwe nchi kavu mara moja kwa mwaka, ikwanguliwe yote na kupakwa upya. Zamu ya boti yake ni mwezi wa tatu.