Siku Lucius Pettway Alipoanguka

Siku hizi watu wa kwetu Hesse, Ujerumani, hutazama ngumi kwenye televisheni huku wamejilaza kochini. Enzi zetu, mwanaume alipanda ulingoni mwenyewe apigwe mbele ya mama yake.

Nilikuwa mpiga kengele katika hema la ngumi la mzee Schaub, tukizunguka kwenye sikukuu za vijiji, na kijana yeyote wa kijiji aliweza kupanda kupambana na bondia wetu. Bondia huyo alikuwa Lucius Pettway, Mmarekani mweusi kutoka Alabama. Alikuja na jeshi la Marekani, na alipomaliza utumishi alikataa kurudi kwao.

"Kule nilipigwa bure," alisema. "Hapa nalipwa."

Kijerumani alikijua mpaka matusi. Mwaka wa hamsini na saba alikwenda kumposa Roswitha, binti wa Dippel mwenye bucha. Mimi nilikuwa mshenga wake. Dippel alimkatia soseji, akasema, "Jumapili mwanangu Heiner atapambana nawe. Ukimwangusha, kijiji kizima kitatucheka. Mkwe wa kutuaibisha simtaki. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

Schaub alipopata habari alifoka. "Ukianguka, kazi huna! Nani atakata tiketi kumwona bondia aliyelazwa na muuza nyama?"

Lucius alifunga kamba za glavu.

Jumapili Heiner alipanda ananuka bia.

"Mchune, Heiner!" watazamaji walipiga kelele.

"Taratibu, usiharibu ngozi!"

Ngumi zake zisingemwamsha mtoto mchanga. Raundi ya pili Lucius alishusha mikono, akangoja, akaanguka chali juu ya mbao. Watu walirusha kofia. Macho yake yalikuwa wazi, ananitazama. Nilipopiga kengele, Schaub alikuwa ameshaibandua picha ya Lucius kwenye mlango wa hema.

Lucius alinawa, akavaa tai, tukaenda kwa Dippel. Familia ilikuwa mezani, na sahani moja ya ziada imewekwa.

"Mzee, nimetimiza."

"Umetimiza nini?" Dippel alifuta kisu chake. "Heiner huyu hata gunia la chumvi linamshinda, naye amekulaza. Nikupe binti yangu, utamlindaje?"

Meza nzima ikacheka. Heiner alicheka mpaka akapaliwa.

Lucius alimgeukia Roswitha. Yeye hakucheka.

"Ungempiga tu," alisema. "Mimi ningekufuata popote. Sasa nimfuate nani?"

Schaub alikuwa ananipigia honi nje, hema limeshapakiwa. Mara ya mwisho niliyowaona, Roswitha alikuwa anairudisha ile sahani kabatini, na Lucius amesimama mlangoni, kofia mkononi, bado anangoja kuambiwa aketi.