Mwaka Papa Alipochagua kwa Moshi

Nyinyi mliokua kwenye kambi ya wafanyakazi ya Panda wakati kampani ya shaba imelala, mnanijua hata kama hatujawahi kusalimiana. Tulichota maji kwenye bomba moja, tulicheza nzango, ule mchezo wa kuruka na kurusha miguu, mpaka vumbi jekundu likatupaka miguu hadi magotini, na tulikula maembe mabichi kwa chumvi hadi meno yakafa ganzi. Nyumba zetu zilipangwa mistari, zote sawasawa, hata mlevi aliweza kuingia kwa jirani, akavua viatu na kuomba bukari, ugali wetu. Na akapewa! Siku hizi ukigonga mlango wa jirani, anakutumia ujumbe kwenye simu kukuuliza umefuata nini.

Papa wangu alikuwa mtu wa tanuru la shaba, na watu wa tanuru walikuwa na kiburi chao. Hata miaka ile mishahara ilipokatika na wanaume wakabaki kutengeneza baiskeli mbele ya nyumba, yeye aliipiga pasi ovaroli yake ya bluu kila Jumapili baada ya misa, akaitundika msumarini. Aliyetulisha ni Mama. Alikuwa na shamba upande wa barabara ya Kambove, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Kila mwaka mvua zikianza tulihamia huko sote wiki tatu: Papa analima mbele, Mama anatia mbegu, mimi na mdogo wangu Kapinga tunafukia kwa vidole vya miguu. Mbegu za mahindi zilikaa darini kwenye mfuko uliofungwa, na kuugusa mfuko ule ilikuwa dhambi kuliko kukosa misa.

Mwaka ule wa uchaguzi wa rais, kampeni iliangukia papo hapo na mvua. Yee, kampeni za enzi zetu! Malori ya muziki, fulana, vikwembe vyenye sura za makandidat. Jirani yetu Mama Mwansa alijifunga mmoja kifuani na mpinzani wake kiunoni, akasema nguo haina chama. Sokoni nako, wauza bunga waliokuwa wakitupimia unga kwa mkebe uliosawazishwa bapa, ule tunaouita meka, wakaanza kuujaza tena mpaka ukawa na kilima juu. Akina mama wakafurahi: kumbe inchi iko inatengenea! Mama yangu alipokea bunga lake akasema, "Mutaiangalia ile meka kura ikishapita."

Halafu asubuhi moja moshi ukatoka. Ulitoka kwenye bomba la kiwanda ambalo sisi watoto hatukuwahi kuliona likipumua. Kambi nzima ilisimama nje, vikombe vya chai mkononi. Watu wa tanuru waliusoma moshi kama mama anavyosoma macho ya mtoto mwenye homa: ukiwa mweupe na mwembamba, tanuru linapashwa, ukianza kuingia manjano, shaba iko njiani. Papa aliutazama bila kupepesa.

"Ile njo kupasha," akasema. "Wiki moja, mbili, batatuita. Kazi inarudia."

Mama alikuwa tayari amefunga majembe, akamwita kwa jina langu. "Papa Ngalula, mvua haingoje muntu. Twende tupande, bakikuita utarudi."

"Minye niende mushamba, sireni ya kazi ilie, bapatie mwingine nafasi yangu? Hapana."

"Batoto banakula moshi?"

Mimi na Kapinga tulicheka, kisha tukaona uso wa Papa, tukajificha nyuma ya Mama.

Hakwenda. Mama alikwenda na sisi wawili tu, na jembe lilikuwa refu kuliko Kapinga. Tulipanda kipande kidogo, shamba lililobaki likaachiwa majani. Huku nyumbani Papa alinyoa ndevu kila asubuhi, akavaa ovaroli, akakaa mlangoni akitega sikio. Siku ya kura alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Alirudi ameinua kidole chenye wino. Jina la aliyemchagua hakulitaja. "Kura yangu nimelipatia tanuru," alisema, basi. Mama naye alipiga kura yake, akarudi, akaosha sahani.

Noeli ilipofika moshi ulikuwa bado upo, mwembamba vilevile. Papa alipanda darini mwenyewe, akaushusha mfuko wa mbegu uliobaki, akaupeleka kwenye mashine ya kusaga. "Mwezi unaokuja tutanunua zingine," alisema. Tulikula bukari ya mbegu kwa bitoyo, samaki wakavu wa chumvi, na nakiri kwenu leo: nilishiba, nikafurahi.

Wiki iliyofuata moshi ulikatika. Wengine walisema walikuwa wanajaribu mtambo, wengine kwamba walichoma takataka tu. Hakuna aliyekuja kutueleza. Sireni haikulia, na meka sokoni ikarudi bapa. Miezi ile tulikula majani ya maboga mpaka tukayachukia. Kapinga alikuwa akisinzia darasani, mwalimu akamwita mvivu. Mtoto wa watu, kumbe ni tumbo tupu.

Wakati wa mavuno Papa Mwansa, ambaye yeye alilima, alituletea kikapu cha mahindi. Papa alikipokea kwa mikono miwili. Jirani alipoondoka, alituita, akatukalisha kwenye mkeka mbele ya Mama. Niliogopa. Nilidhani tumevunja kitu.

"Batoto," alisema, "minye njo nilikosa. Kosa haiko la mama yenu, haiko la kampani, haiko la kandidat. Niliona kile nilikuwa natamani, nikasema njo inchi yote. Munisamehe."

Kapinga akauliza kama sasa tunaweza kuchoma mahindi. Tulicheka sote, Mama akicheka na kulia. Mvua zilizofuata Papa alitangulia na jembe, amevaa ile ovaroli ya bluu, na matope ya shamba hayakutoka tena kwenye nguo ile.

Watoto wetu wa leo wanajua bei ya dola kabla ya kunawa uso. Watakueleza uchumi wa dunia nzima huku wamelala chali, lakini mwambie mmoja atenganishe mahindi ya mbegu na mahindi ya kula, atapiga picha aulize wenzake. Nawacheka, lakini sina haki sana. Uchaguzi uliopita mume wangu alikuwa amepata mkataba wa kuendesha lori la madini Kambove. Nyama ilikuwa mezani kila Jumapili. Nilimwambia kila aliyenisikiliza kwamba inchi iko inatembea. Kapinga, ambaye bwana wake alikuwa amekaa bila kazi miaka miwili, akaniambia taratibu, kama mdogo kwa dada yake mkubwa, "Yaya, inatembea kwako." Nilikasirika. Nilimwita mwenye wivu, mbele ya watoto wake. Nikaenda kupiga kura nimeshiba, nikiwa na hakika kwamba inchi yote imeshiba.

Mkataba haukumaliza hata miezi mitatu baada ya kura. Mimi na Kapinga sasa tunasalimiana kanisani kama wageni, kwa kutikisa kichwa.

Juzi binti yangu aliinua macho kutoka kwenye simu. "Mama, weye ulimuchagua nani?"

"Kura ni siri," nilimjibu haraka.

Akarudi kwenye simu yake. Kweli, kura ni siri. Lakini Papa naye hakututajia jina mpaka leo. Alitukalisha tu chini, mtu mzima na ndevu zake, akasema amekosa. Kapinga anakaa mistari miwili kutoka nyumbani kwangu, na bado sijaenda.