Bibi Hana Ukurasa

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitutuma tuandike historia ya kwetu. Maktaba ya shule haikuwa na kitabu hata kimoja cha mambo hayo, kwa hiyo likizo ilipofika nikaenda Ihembe kwa bibi yangu, mzaa mama, nikamkuta akimenya ndizi.

Kwetu, ukiazima mtumbwi wa kukamulia ndizi za rubisi, pombe yetu, kibuyu cha kwanza unampelekea mwenye mtumbwi, wala hungoji kukumbushwa. Bibi aliyaona maneno yake vivyo hivyo. "Nitakusimulia, mjukuu wangu, lakini useme umeyatoa kwangu." Nikamwahidi. Akanipa habari ya njaa ya utotoni mwake: mama yake alitoka Kanoni kwa miguu, kajitwika machipukizi ya migomba, na binti yake akatembea kando yake akilia, kwa kuwa mtoto ana miguu na mgomba hauna.

Niliandika yote, na chini kabisa nikaweka jina la bibi na kijiji chake. Mwalimu alilikata kwa kalamu nyekundu, akauliza mbele ya darasa, "Bibi yako ni ukurasa wa ngapi?" Darasa zima likaangua kicheko. Akaniamuru niandike upya bila yeye. Nikakataa, akanipa sifuri. Sikulia. Nilimchukia, tena sana.

Siku ya wazazi bibi alikuja, amevaa kitenge chake cha kanisani. Mwalimu akasimama na karatasi mkononi, akatangaza kwamba atasoma utafiti wake kuhusu njaa ya zamani. Utafiti! Mtu ambaye safari yake ndefu ilikuwa kutoka nyumba za walimu mpaka dukani. Akasoma neno kwa neno, mpaka pale pa mtoto ana miguu na mgomba hauna. Wazazi wakapiga makofi. Bibi akaniinamia. "Mtoto huyo ni mimi. Huyu bwana alikuja kwangu lini?"

Nilimfuata mwalimu nikamwambia mwenye habari ameketi pale. Akacheka. "Hadithi za wazee ni mali ya wote." Hata shikamoo hakwenda kumpa.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila nilipomwomba anieleze walivyofika Ihembe, walikolala, nani aliwapokea, aliendelea kumenya ndizi zake.

"Kamuulize mwalimu wako," alisema. "Yeye ndiye ajuaye."

Tumeshamzika, na hadi leo sijui nani aliwapokea.