Simsim ya Bure

Harufu ya simsim iliyokaangwa ikinipiga puani, hata leo, jambo la kwanza ninalofanya ni kugeuka nione nani anataka kunichezea. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimepangishiwa chumba Arua ili nisome, mbali na nyumbani Koboko. Baba aliniachia gunia la unga wa muhogo na onyo: likiisha kabla ya muhula kwisha, narudi nyumbani, na shule basi. Nami shule niliipenda mno. Kila asubuhi nilichora alama kwa kidole juu ya unga ili nijue kama kuna aliyeugusa, na sokoni nilichungulia kopo la kupimia la kila muuzaji nione kama kitako kimebonyezwa ndani.

Maharage niliyanunua kwa Mama Furaha, Mkongo aliyeyafuata Koboko kila wiki. Alipima haraka mno, nikamtilia shaka. Jumamosi moja aliweka juu ya maharage yangu bonge la simsim iliyosagwa, limefungwa kwa jani la mgomba.

"Mutoto, hii iko nyongeza. Beba tu."

Nyongeza ni maharage machache ya kiganjani, kila mtu anajua. Nani anatoa simsim bure? Nikampa kuku wa mama mwenye nyumba, nikakaa mlangoni kumtazama. Hakufa. Jumamosi iliyofuata nikapewa tena, nikampa tena. Labda ni sumu ya polepole, nilijisemea. Mimi nilikula ugali kidogo na maharage ya chumvi mpaka sketi ikawa inaniteleza kiunoni. Kuku alinenepa hata kutembea kukawa kazi.

Muhula uliisha unga ungalipo, nikajiona mjanja. Mama alipokuja kunichukua na kuniona mifupa mitupu, alishika mdomo.

"Simsim mimi natuma kwa wewe kwa mkono ya Mama Furaha kila Jumamosi, inaenda wapi?"

Kumbe aliituma bila baba kujua, na alimkataza yule mama kuniambia kwa kuwa sikuwa na kifua cha kutunza siri. Kuku akapita mbele yetu akijikokota. Nililia kwa aibu.

Sasa naishi peke yangu tena, mji uleule, na bado nachungulia makopo. Mama Furaha alirudi kwao kabla sijamwomba radhi. Muuzaji akiniongezea kitu, nakigeuza, nakinusa, namtazama usoni. Kisha nakila upesi, nikiwa bado nimesimama, kabla sijaanza kutafuta kuku.