Wimbo wa Mlevi Kwenye Sadaka

Juzi, hapa masomoni Kasongo, Mupe wetu, padri wa muziki, alinisukumia sanduku la makaratasi ya zamani akaniambia, "Wewe mwenye mdomo, chagua nyimbo za misa ya Jumapili. Labda kazi itakupunguzia ujinga." Nikacheka, kama kawaida yangu. Sanduku lilitoka misheni ya kwetu, upande wa Kabambare, ambako kinanda kimekufa na panya wamekirithi. Chini ya vitabu vya Kilatini nikakuta kaye, daftari lenye jalada la buluu. Rafiki yangu, cheko lilinikauka mdomoni. Niliijua kabla sijaifungua.

Ilikuwa ya Mwalimu wa kwaya yetu. Alikuwa Mulega, mtu wa kaskazini, mpole, mwenye miguu mirefu iliyogonga mbao kila alipokanyaga kinanda ili kivute pumzi. Nacho kilikohoa kama mzee mvuta tumbaku. Mwalimu alikuwa na desturi yake: wimbo hauingii kanisani mpaka utoke kwanza kinywani mwa watu. Jioni alizunguka penye vinu, akasikiliza wanawake wakitwanga sombe, majani ya muhogo, akaandika sauti zao kwenye kaye, kisha akazivika maneno ya dini. Juu ya kila ukurasa aliandika ulikotoka wimbo: kutoka kwa mke wa seremala, kutoka kwa wavuvi wa Nyangwe. "Mungu anajua nani aliuleta," alisema, "lakini mimi ninasahau."

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mmoja hivi. Askofu alikuwa anakuja kututembelea, na Mupe wa misheni alitaka wimbo mpya wa sadaka. Lakini ulikuwa wakati wa kung'oa karanga. Wanawake wote walikuwa mashambani, vinu vimenyamaza. Basi Mwalimu akatuomba sisi watoto wa kwaya, kila mmoja alete wimbo wa nyumbani kwao.

Mimi nilileta wa Koko. Koko, mama ya baba yangu, ndiye aliyenilea. Alipokamua ndizi za pombe nyuma ya jiko, mikono imezama mpaka viwiko, nyuki wanamzunguka kichwani, aliimba wimbo wa Kibangubangu, lugha yetu, wa polepole, mzito, ungedhani wa matanga. Kumbe maneno yake yalimsema mume aliyerudishwa nyumbani mgongoni mwa mwenzake, amelewa mpaka anamwita mkewe mama mkwe. Kila mwanamke wa kwetu aliujua, pamoja na mchezo wake: hatua mbili mbele, moja pembeni, kama mlevi anayetafuta mlango.

Mwalimu hakujua Kibangubangu. Nikamwimbia sauti tupu, bila maneno, macho chini kama malaika wa kwenye picha.

"Ni wimbo ya nini, mwana?"

"Ya kulilia wafu, Mwalimu."

"Nani alikufundisha?"

"Koko yangu."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na kwa siku nyingi nilijifariji nalo.

Tulijifunza wimbo wiki mbili. Watoto wote wa kwetu walijua, na hakuna aliyesema. Tuliuma midomo mpaka machozi yakatutoka. Mwalimu alipoyaona machozi yale, aliacha kupiga kinanda akafuta miwani yake. Alidhani tumeguswa.

Siku ya askofu ikafika. Wanawake walipanga mstari na vikapu vya mchele, karanga na kuku waliofungwa miguu. Kinanda kikakohoa, kikaanza. Mama wa mbele alisimama kidogo, akasikiliza. Kisha miguu yake ikafanya inachojua: hatua mbili mbele, moja pembeni. Wa nyuma yake vilevile. Kanisa zima likapasuka kwa cheko, kuku wakapiga kelele, na askofu naye akatabasamu, maskini, mpaka katekista alipomnong'oneza maana ya wimbo. Koko peke yake hakucheka. Aliweka kikapu chake chini palepale aliposimama, akajifunika uso kwa kitambaa.

Baada ya misa Mupe alimsimamisha Mwalimu mbele yetu, mlangoni.

"Nani alikupa huu wimbo?"

Mwalimu alitazama safu yetu. Macho yake yalinifikia, yakakaa. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu. Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Niliuchagua mimi, Mupe," akasema.

Akanyang'anywa ufunguo wa kinanda. Wiki iliyofuata alipelekwa kufundisha shule ya porini, mbali kupita Wamaza, akaondoka kwa miguu na mzigo wake kichwani. Sikumsindikiza. Nilijificha chooni.

Koko hakunipiga. Alinipakulia sombe ya karanga kama siku zote, akasema, "Nilikupa wimbo ya kucheka mulevi. Weye umemuchekea mutu mwenye akili zake." Toka siku ile alikamua ndizi kimya. Wanawake wengine nao waliuacha, mmoja mmoja, kwa aibu. Koko alizikwa mwaka jana. Sijui kama yupo mtu anayeuimba bado.

Jana niliutafuta ukurasa wa wimbo wake. Wimbo upo, umeandikwa kwa mwandiko ule mzuri. Juu yake: kutoka kwa. Kisha tundu. Mwalimu alilikwangua jina langu kwa wembe mpaka karatasi ikatoboka, asije Mupe akalisoma.

Nikaupiga taratibu kwenye kinanda cha hapa. Mwenzangu wa kwaya, mtoto wa Kasongo mjini asiyejua Kibangubangu, akasogea.

"Kaka, hii iko muzuri sana. Tuiweke kwenye sadaka. Nani alikupa?"

Nikafunika kaye. Kwa Jumapili nimechagua wimbo wa Kilatini, ambao hakuna koko wa mtu aliyewahi kuuimba. Tundu bado liko pale juu ya ukurasa, na kalamu ninayo mkononi.