Usigeuke, Bi Maureen

Bi Maureen Threlfall wa Fleetwood, mji wa pwani huko Uingereza, amekwisha kuuawa mara nyingi kuliko mtu yeyote wa pwani ile, na bado kila asubuhi huamka akaenda kununua mkate. Amesukumwa ngazini. Ametiliwa sumu kwenye chai. Mwaka mmoja alinyongwa kwa mkanda wa koti lake mwenyewe, na kijana aliyemnyonga alikuwa akiomba radhi kila akikaza.

Wanaomuua ni wanafunzi wa chuo cha pale mjini. Kila mwaka hutakiwa kutengeneza mwanzo wa filamu ya taharuki. Mwanzo tu, dakika mbili, basi. Na nyumba ya Bi Maureen ina kila kitu wanachokitaka watoto wenye nia mbaya: ngazi zinazolia, ukumbi mwembamba usio na dirisha, na mlango wa nyuma wa jikoni wenye kitasa cha chuma cha kizamani, kinachosema "tak!" mtu akikibonyeza. Wa kwanza walikuja kuomba ngazi, wakamkuta mwenye ngazi ana uso mzuri wa kufa, na tangu hapo habari zimekuwa zikipita kutoka darasa hadi darasa. Malalamiko yake ni mawili. Kwanza, hakuna muuaji wake hata mmoja aliyewahi kukamatwa, kwa kuwa hakuna filamu iliyofika mwisho. Pili, hakuna anayeosha vikombe.

Ukimwuliza kwa nini anawakubalia, atakwambia anapenda kuwa na watu. Kuna ukweli hapo, lakini si wote. Mama yule hatulii. Akikaa anasimama, akisimama ananyoosha pazia lisilo na kosa, akiwasha redio anaizima ili asikilize. Anachosikiliza ni kile kitasa. Kikilia, hata kwa upepo, shingo yake inageuka kabla mwenyewe hajaamua.

Sababu inaitwa Neil, mwanawe wa pekee. Baba yake alipolazwa hospitalini, Neil aliuza njiwa wote wa mzee, wale wa mashindano ya mbio, maana hakukuwa na wa kuwalisha, na mzee akafa akiuliza habari za njiwa wake. Siku chache baada ya mazishi Neil alikuja kuomba msamaha. Bi Maureen alikuwa kwenye sinki. Alisikia kitasa. Alisikia mwanawe akifuta miguu, kushoto mara mbili, kulia mara mbili, kama alivyomfundisha angali mdogo, halafu kile kikohozi chake kidogo cha mtu anayetaka kuomba kitu. Alijua ni nani na amefuata nini. Hakugeuka. Neil alisimama pale mpaka maji ya beseni yakapoa, kisha kitasa kikalia tena, akaenda zake Aberdeen, mbali kaskazini, na tangu mwaka ule kinachokuja ni kadi ya Krismasi yenye jina tu. Hasira hasara, tunasema, na hasara ya Bi Maureen ni hiyo: kila mlango ukilia anageuka, na kila akigeuka si yeye.

Mwaka huu alikuja Keeley Bamber, msichana wa miaka kumi na saba mwenye nywele za rangi ya kiazi chekundu na mdomo usiopumzika. Alikuja na Wasim, mwenye kazi ya sauti, na Jude, ambaye kwa urefu wake alipewa kazi ya kuua, ingawa kitu alichokijali hasa ni tumbo lake.

"Sikia, Bi Maureen," alisema Keeley, amekaa juu ya kaunta bila kukaribishwa. "Mwaka huu hakuna damu, hakuna kisu. Kisu hakimtishi mtu. Kinachotisha ni kukingoja."

"Sasa mimi nitishwe na nini?"

"Wewe usitishwe kabisa! Ndiyo siri yenyewe. Anayeangalia ajue, wewe usijue. Naanza na birika, karibu kabisa, linachemka. Halafu viatu vinapita nje. Viatu tu, mwenyewe hatumwoni. Halafu mikono yako ndani ya maji. Halafu uso wako umejaa picha nzima, na nyuma yako, ukunguukungu, mlango. Kitasa kinalia. Mlango unafunguka. Na wewe unaosha kikombe."

"Angalau mwaka huu kitaoshwa," alisema Bi Maureen. "Na muziki?"

"Muziki wa nini? Ukiweka muziki unamwambia mtu aogope, na mtu akiambiwa aogope anakula bisi. Tunasikia maji ya bomba tu, mengi, yanapiga kelele. Halafu unafunga bomba. Kimya."

"Kimya ndiyo sehemu yangu," alisema Wasim kwa fahari.

Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na msichana huyu alikuwa amelifikia hilo mwenyewe bila kuambiwa na mhenga yeyote. Bi Maureen alimpenda. Alivaa aproni, akasimama kwenye sinki, akafungua bomba.

Tak! Bi Maureen akageuka.

Wakarudia. Tak! Akageuka.

"Bi Maureen, jamani! Ni Jude tu!"

"Najua ni Jude."

"Sasa unageukia nini?"

"Mimi sigeuki. Ni shingo."

"Shingo ya nani?"

Walirudia mpaka birika likakauka. Jude, mlangoni, alianza kuchukia. "Kila nikiingia ananitazama vizuri, halafu uso unamwanguka. Kwani mimi nina sura mbaya kiasi hicho?"

"Sura yako haina neno, mwanangu," alisema Bi Maureen. "Ila si wewe."

Wakacheka, wakadhani ni utani.

Keeley hakuwa na roho mbaya, lakini alikuwa na simu. Zile picha zilizoharibika aliziunga moja baada ya nyingine, Bi Maureen anageuka, anageuka, anageuka tena, akaziweka mtandaoni kwenye ukurasa wa mji na maneno haya: Marehemu anayekataa kufa. Mji mzima ukacheka. Jirani wa Bi Maureen, Beryl, alimwonyesha juu ya uzio, simu mkononi na machozi ya kicheko mashavuni. Bi Maureen naye alianza kucheka, halafu akaisogeza simu karibu. Hakuwahi kuuona uso wake katika kitambo kile. Kila ukigeuka uliwaka kama wa bibi harusi, na kila ukimwona Jude ulizimika.

"Hii inaonekana mpaka wapi?" aliuliza.

"Popote penye simu," alisema Beryl. Kisha akakumbuka huyu mama ana mwana, na mwana huyo yuko wapi, akakishughulikia kitambaa chake cha kichwani.

Siku ya pili ya kazi mvua ilinyesha toka asubuhi. Keeley aliingia bila maskhara.

"Kesho nakabidhi, Bi Maureen. Ukigeuka leo nimefeli, na nikifeli hii, chuo cha filamu nitakisikia redioni. Nakuomba. Ukisikia kitasa, jiambie ni Jude. Sema ndani kwa ndani: ni Jude, ni Jude tu."

Macho ya mtoto yalikuwa yamejaa maji. Bi Maureen aliyatazama, akatazama mlango wake.

"Leo sigeuki," alisema. "Hata akiingia Mfalme na mbwa wake."

Wakazima taa zote isipokuwa ile ndogo ya juu ya sinki. Kamera waliificha katikati ya sahani, dirishani, imtazame usoni. Keeley alijibana kati ya friji na ukuta, akiangalia picha kwenye simu yake. Wasim aliingia chini ya meza, nyuma ya kitambaa kirefu, maikrofoni kaielekeza mlangoni. Jude alitolewa nje kwenye mapipa ya taka, aingie akisikia maji. Lakini ile taa ndogo ilisumbua. Mara iko juu, mara iko chini, mara inamfanya Bi Maureen aonekane ana ndevu. Ilipokaa sawa, mchana mfupi wa Novemba ulikuwa umekwisha.

Bomba likafunguliwa. Maji yakapiga beseni kwa kelele.

Tak.

Mishipa yote ya shingo ilivutika. Bi Maureen alishika ukingo wa sinki kwa mkono mmoja. Ni Jude, alijiambia. Ni Jude, ni Jude tu. Baridi ya nje ilimpiga kisogoni. Maji yalifunika kila kitu, lakini kwa ngozi yake alijua kuna mtu nyuma, amesimama. Moyo ulimwambia geuka. Akamfikiria yule mtoto aliyejibana karibu na friji na maisha yake yote mbele, akakaza mabega, akazungusha kitambaa ndani ya kikombe kile kile. Huyo Jude leo alikawia sana. Alitamani kupiga kelele.

Tak, tena. Baridi ikaisha. Akafunga bomba, kama walivyopatana, na kimya kikaingia jikoni.

"Kata!" Keeley alichomoka, akamkumbatia na mikono yake iliyolowa. "Hukugeuka! Yaani mabega yale, Bi Maureen, mabega yale! Nimesisimka mwili mzima! Na Jude, shetani mkubwa wewe, nani alikwambia usimame halafu urudi nje? Nzuri kuliko nilivyopanga! Jude! Njoo ndani!"

Hapakuwa na jibu. Walimwita tena. Baadaye kidogo kitasa kililia, akaingia Jude, kalowa chapachapa, na kifurushi cha chipsi zinazonukia siki.

"Samahani, njaa ilinishinda, na foleni ilikuwa ndefu," alisema. "Tunaanza?"

Chini ya meza Wasim alisogeza kitambaa taratibu.

"Kama hukuwa wewe," alisema, "nani aliyefuta miguu?"

Keeley alinyakua kikaango. Jude, chipsi mkononi, alirukia mlango aupige komeo.

"Usifunge!" Sauti ya Bi Maureen iliwashtua kuliko mlango. "Wasim. Alifuta vipi?"

"Mara mbili mbili. Mguu huu, halafu huu. Kisha kikohozi. Nikadhani Jude anatia mbwembwe."

Bi Maureen alinyoosha mkono, akavalishwa vipokea sauti vya masikioni vya Wasim. Kwanza maji, mbali, kama ya nyumba nyingine. Kisha kitasa. Kisha miguu, kushoto mara mbili, kulia mara mbili. Kikohozi. Halafu pumzi za mtu, muda mrefu, na chini yake neno ambalo maji yalimficha alipokuwa amesimama hatua chache tu kutoka lilikotoka: "Mama." Halafu kitasa.

Alitoka na aproni yake na ndara zake za nyumbani. Kituo cha tramu, ile treni ndogo ya mjini, kiko mwisho wa mtaa ule, na mtaa ule haujawahi kuwa mrefu vile. Alikimbia kama anavyoweza kukimbia mtu wa umri wake, ndara zikipiga maji, na aliona aibu, na hofu, na hasira kwa watoto, na zaidi hasira kwa Maureen Threlfall.

Mtu mmoja alikuwa amesimama kituoni, begi begani, anatazama upande inakotokea tramu. Amenenepa. Bi Maureen alisimama nyuma yake.

"Umetoka na ndara kwenye mvua, Mama," alisema Neil bila kugeuka.

Alikuwa anazijua hatua za mama yake. Bi Maureen alilia hapo hapo.

"Nitazame, mwanangu."

"Nimekuona kwenye simu. Kila mlango ukilia unageuka na ule uso. Nikasema, huyo ananisubiri mimi. Nimetoka Aberdeen alfajiri kwa ajili ya uso ule. Nafika, unanipa mgongo."

"Walinikataza kugeuka."

"Nani?"

"Watoto wa chuo. Walikuwa wananiua."

Mabega ya Neil yalitikisika. Kama ni kicheko au ni kitu kingine, kwa nyuma haikujulikana. Taa za tramu zilitokeza kule kwenye kona, zikaanza kuja.

"Na siku ile," alisema, "sinki lile lile. Siku ile nani alikukataza?"

Bi Maureen angeweza kuwataja njiwa. Angeweza kumtaja marehemu. Majibu hayo alikuwa ameyaandaa miaka yote.

"Hakuna," alisema Bi Maureen. "Siku ile ni mimi mwenyewe."

Tramu ilisimama, ikafungua milango yake, ikangoja, ikafunga, ikaondoka.

Neil akageuka.