Nilikaribia kunyang'anywa project kwa sababu ya uchafu wa Kibera, kumbe tatizo lilikuwa sabuni

Niaje wakuu. Hii kitu nimekaa nayo tangu miaka ya tisini na leo naitoa yote, pamoja na sehemu zinazonifanya nionekane mjinga. Asiyeamini apite uzi mwingine, sitakasirika. (Nitakasirika kidogo.)

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa kemia, napanga chumba kimoja kijiji cha Lindi, ndani ya Kibera. Dada yangu Nekesa alikaa Kawangware, akiishi kwa kufua nguo za watu. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, na nguo zangu hakuruhusu mtu mwingine aziguse. Kila Jumapili nilimpelekea mfuko.

Sasa hiyo project.

Mwalimu wetu, tulimwita Daktari tu, alirudi kutoka ng'ambo na laser na kamera nyeti sana. Alichunguza vioo vyenye vitundu vidogo kiasi kwamba hata darubini haivioni.

Utachunguzaje usichokiona? Unachukua rangi inayong'aa ikipigwa na mwanga, unaizimua kwa maji mpaka molekuli zinaingia kwenye kioo mojamoja. Kila molekuli inaonekana kama kidoti cha mwanga. Kidoti kikitembea, njia iko wazi. Kikikwama, umefika mwisho wa kitundu. Ni kama kuijua nyumba kwa kumfuata kwa macho mtu anayezunguka ndani na tochi. Siku ya kwanza kuona nilisahau kula, na mimi si mtu wa kusahau kula.

Kazi yangu ilikuwa kuandaa vioo. Kabla ya kutia rangi lazima upige picha ya kioo kitupu, na hiyo picha iwe nyeusi tii. Ikiwa na vidoti, hakuna kidoti utakachoamini baadaye.

Picha yangu ilijaa vidoti.

Nikarudia. Vidoti. Wiki mbili hivyo hivyo, na mwenzangu wa darasa akiandaa yeye, nyeusi tii!

Daktari akaniangalia kuanzia viatuni.

"Barasa, unakaa wapi vile?"

"Kibera, Daktari."

"Ndio maana. Hilo vumbi unatuletea hapa. Ijumaa picha isipokuwa nyeusi, nampa mwenzako hii kazi."

Bila project hakuna digrii, na mwaka mwingine wa chuo sikuwa na namna ya kuupata.

Wakuu, aibu iliniingia mpaka kwenye mifupa. Nilioga mara mbili kwa siku, na maji tunanunua kwa mtungi. Nilikata kucha mpaka vidole vikauma. Nikikaa nasimama, nikisimama nazunguka. Jumanne nikashindwa kungoja Jumapili, nikatembea kwa miguu hadi Kawangware na mfuko wangu.

"Kwani leo ni Jumapili?" Nekesa akauliza.

"Fua tena zote. Wanasema mimi ni mchafu."

Akauchukua mfuko. Halafu akamwaga sabuni ya unga mara mbili ya kawaida, akaongeza na bluu ya kufulia nguo nyeupe. Alisugua lile koti la lab kama ana ugomvi nalo. Hata leso zangu za mfukoni zikapata zamu yao.

Jumatano nikaandaa kioo kipya. Vidoti vilikuwa vimeongezeka.

Hapa ndipo panaponiuma. Jioni hiyo nilirudi Kawangware, nikamrushia leso miguuni. "Wewe hata kufua hujui!" Nikamwambia hivyo mtu aliyenisomesha kwa kufua.

Akaiokota. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka. "Leta nirudie," akasema.

Ijumaa asubuhi nilikuwa lab peke yangu, natembea huku na huko. Kulikuwa na taa ndogo ya mwanga wa zambarau, ya kukagulia chupa za rangi. Nikajimulika. Mikono, hakuna kitu. Viatu, na matope yote ya Lindi: giza tupu.

Nikatoa leso nijifute jasho. Ikawaka buluu mkononi mwangu.

Koti nalo likawaka. Kumbe sabuni ya unga inawekwa dawa ya kufanya nguo nyeupe ing'ae, na ile kamera inaiona!

Lakini leso ilifikaje kwenye kioo? Kwetu huwezi kumpa mgeni kikombe chenye matone, lazima ukipanguse kwanza. Mama alitufundisha hivyo. Basi kila kioo, baada ya kukisuuza, nilikipangusa kwa leso yangu safi. Sikuwahi kuandika hatua hiyo daftarini, kwa sababu sikujua kwamba ni hatua.

Nikamwita Daktari. Akachukua taa, akaimulika leso, kisha akajimulika mwenyewe. Koti lake liliwaka kuanzia kola hadi pindo. Akaizima haraka sana.

Nikaandaa kioo bila kupangusa. Nyeusi tii.

Project ikabaki yangu. Daktari hakuomba msamaha. Alisema tu, "Andika: usipanguse."

Jumamosi nikaenda Kawangware, nikamweleza Nekesa kila kitu. Akayatazama mabeseni yake.

"Kwa hivyo mimi ndio nilikuwa nakuangusha."

"Hapana. Kosa ni langu. Na yale maneno, nisamehe."

"Na matope ya kwenu?"

"Hayakuwa na makosa."

Akacheka kidogo, akaangalia mikono yangu mitupu. "Hukuleta mfuko. Nimedhani hutaki nikufulie tena."

Nikavua shati nililokuwa nimevaa, nikampa.

Wakuu, mimi kazi yangu ilikuwa kupima vitu visivyoonekana, lakini neno "mchafu" nililibeba bila kulipima, nikaenda kumtupia dada yangu. Digrii nilipata. Ile leso bado ninayo, na hainifurahishi kuiona.

Nanyi semeni ukweli. Aibu mliyovalishwa na wakubwa, mlienda kummwagia nani nyumbani? Nasoma zote.